Video ya mzee haijaoza, imenakiliwa vibaya

Msomaji mpenzi, yamkini nyumbani kwenu mna kamera ya video iliyolala kabatini tangu simu za mkononi zilipoanza kupiga picha safi. Nasema ile ya kushikwa kiganjani, yenye kidirisha kinachofunguka ubavuni kama mlango. Huenda ilinunuliwa kwa ajili ya arusi ya dada yenu, au ililetwa na jamaa aliyekuwa ng'ambo. Ndani yake, au katika kadi ndogo iliyosahaulika kwenye droo, wamo watu ambao leo hatunao tena. Wanacheka, wanaimba, wanatoa wasia.

Siku moja utatamani kuwaona. Utaitia ile kadi kwenye kompyuta, utafungua programu ya kuhariri video, na hapo ndipo vituko vitakapoanza. Picha itakwamakwama kama gari linaloishiwa na mafuta. Nyuso za watu wanene zitakuwa nyembamba. Mtu akipunga mkono, kando ya mkono huo patatokea michirizi kama meno ya kitana. Pengine sauti haitasikika kabisa. Kisha atazuka mjuzi mmoja wa mtaani akuambie, "Hizi zimeoza. Futa tu, kadi itumike kwa mambo mengine."

Nakusihi, usifute. Nayasema haya kwa sababu kwetu Rabai nusura ukoo ugawanyike mara mbili kwa ajili ya video ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

WASIA WA MGEMA

Mjomba wangu alikuwa mgema. Aliipanda minazi tangu ujana wake hadi magoti yalipokataa. Mwezi wa Disemba 2011 alituita sote, wanawe na sisi watoto wa dada yake, tuje nyumbani kwake Rabai. Ukiiacha barabara kuu ya Nairobi pale Mazeras ukashika ile ya Kaloleni, huchukui muda kufika. Binamu yetu mmoja alikuwa amerudi kutoka Marekani na kamera mpya ya HD. Tuliisimamisha juu ya miguu yake mitatu, mjomba akaketi chini ya mwembe, akaanza kusema.

Alisema kwa muda wa saa moja na dakika kumi. Alitaja majina ya mababu, akaeleza mbari zilivyofuatana, akatuonya juu ya kuuza ardhi kwa watu tusiowajua. Jioni ilipoingia tulimhamishia barazani chini ya taa ndefu ya tyubu bila kuizima kamera, naye akaendelea. Hapo ndipo alipoifikia minazi ya bondeni.

Nikueleze kidogo, wewe usiyejua mambo ya huku. Kwetu Wamijikenda mnazi ni mali peke yake. Mtu anaweza kumiliki minazi iliyosimama katika ardhi ya mwenzake, akaivuna, akaiweka rehani, hata akawarithisha wanawe, na ardhi ikabaki ya mwenyewe. Mama yangu alikuwa amepanda minazi kumi na miwili katika shamba la kaka yake. Kwa hivyo swali lilikuwa moja tu: je, alipewa minazi, au alipewa minazi pamoja na ardhi?

Mjomba alilijibu kwa Kirabai, kwa sentensi moja. Nikiiweka kwa Kiswahili ni hii: "Minazi ile ni yake, ardhi si yake."

Mwaka wa 2012 jamaa waliipeleka kadi kwenye duka moja la kompyuta mjini ili wapate nakala. Kijana wa dukani aliifungua, akaona faili tano, akazichomoa zile tano na kuzitia kwenye flashi, akapokea pesa zake. Mjomba alifariki mwaka uliofuata. Mnamo 2019, wakati mmoja wa binamu zangu alipotaka kujenga bondeni, ubishi ukaanza. Wazee waliitwa. Mpwa wangu, aliyekuwa akisoma chuo Mombasa, aliombwa aziunganishe zile faili tano ili mzee mwenyewe asikike.

Aliziunganisha vizuri, moja baada ya nyingine, kwa mfuatano wake. Lakini pale faili ya nne ilipokutana na ya tano picha iliruka kidogo, na kilichosikika kikawa: "Minazi ile ni yake, ardhi... yake."

Kaneno kamoja, "si", kalikuwa hakapo. Upande wetu ukasema, mmesikia, na ardhi pia. Upande wa binamu ukasema, mmeikata video. Macho yote yakamgeukia mpwa wangu, kijana wa miaka ishirini, ambaye kuanzia siku hiyo aliitwa mwizi wa maneno ya marehemu.

MALI BILA DAFTARI

Kilichotokea ni hiki, msomaji, na nakuomba ukisome polepole kwa sababu ndicho kinachowapata watu wengi.

Kamera nyingi za HD za miaka ile hutumia mfumo uitwao AVCHD, ambao Sony na Panasonic waliuanzisha mwaka wa 2006. Kamera hizi haziandiki faili moja ndefu bila kikomo. Faili ikifikia ukubwa wa GB 2, au GB 4 kwa kamera nyingine, kamera huifunga na kufungua nyingine papo hapo, huku ikiendelea kunasa picha. Kwa kiwango cha megabiti 17 kwa sekunde, GB 2 hujaa kwa kama dakika 16. Ndiyo maana mazungumzo ya saa moja na dakika kumi yalikuwa faili tano.

Sasa, kamera yenyewe inajua kwamba hizo tano ni kitu kimoja. Inajuaje? Inaweka daftari. Ukiifungua kadi, mara nyingi utakuta folda iitwayo PRIVATE, ndani yake AVCHD, ndani yake BDMV, na ndani kabisa STREAM. Humo STREAM ndimo zinamokaa faili za picha, zenye majina kama 00001.MTS. Kandokando yake mna folda nyingine zenye faili ndogondogo, ambazo mtu wa haraka huziona kuwa takataka. Hizo ndizo daftari. Ndizo zinazosema kipande hiki kinafuatwa na kile, na kwamba hapa katikati hapakuwa na mwisho.

Ukichomoa faili za MTS peke yake, daftari linabaki nyuma. Programu nyingi za kuhariri zitaichukua kila faili kama kitu kinachojitegemea, kumbe vipande vya mwisho vya sauti na picha vimegawanyika, nusu huku na nusu kule. Pale kwenye mshono kinapotea kiasi kidogo, pengine sehemu ya sekunde. Katika video ya arusi hutagundua. Katika wasia wa ardhi, sehemu ya sekunde ni "si".

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sidhani walikuwa na kamera akilini, lakini hawakukosea.

Kadi yenyewe ilikuwa wapi? Mkaza mjomba alikuwa nayo. Alikuwa ameiweka katika mkebe wa majani chai pamoja na kitambulisho cha marehemu, kwa miaka minane, kwa sababu, alisema, "mlipomaliza nayo hamkuniambia niitupe." Mpwa wangu aliinakili yote, kuanzia folda ya juu kabisa, bila kubagua. Kisha hakuziburura faili kuzitia kwenye programu. Aliielekeza programu kwenye folda ile nzima. Badala ya vipande vitano, akaona kimoja tu, chenye urefu wa saa moja na dakika kumi. Na pale penye mshono, "si" ilisikika waziwazi.

Kwa upande wetu hiyo ilikuwa hasara. Ardhi ya bondeni ni ya binamu zangu, nao wamekwisha kujenga. Minazi tumebaki nayo. Lakini kijana wetu alitoka pale na jina safi, na hilo wazee walilitamka mbele ya watu wote.

KASORO NYINGINE NA DAWA ZAKE

Mshono si ugonjwa pekee. Katika kuisafisha video ile tulikutana na mengine, na mengi kati yake utakutana nayo nawe.

Kwanza ni kule kukwamakwama. Watu hudhani kompyuta imezeeka, wakakimbilia kununua nyingine. Ukweli ni kwamba picha za HD hubanwa sana ili zienee kwenye kadi. Kamera haihifadhi kila picha kamili. Huhifadhi moja kamili, kisha kwa zile zinazofuata huandika mabadiliko tu, kama msimulizi anayesema, "ni yule yule mzee, ila sasa ameinua mkono." Kuitazama tu si kazi kubwa. Lakini unapohariri, unarukaruka huku na huko, na kila unaposimama kompyuta hulazimika kurudi nyuma hadi kwenye picha kamili na kuanza hadithi upya. Ndiyo sababu inahema.

Dawa yake ni nakala nyepesi. Programu nyingi, hata za bure kama Shotcut na Kdenlive, zinaweza kukutengenezea nakala ndogo za kufanyia kazi, kisha mwishoni zikarejea kwenye picha zako asilia zenye ubora wote. Pia usihariri ukiwa umechomeka kadi au flashi ya polepole. Hamishia kila kitu kwenye diski ya kompyuta kwanza.

Pili ni yale meno ya kitana. Kamera nyingi za wakati ule hazikupiga picha nzima kwa mara moja. Zilipiga mistari ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea, halafu, sehemu ndogo ya sekunde baadaye, mistari ya pili, ya nne na ya sita. Mbili hizo hufumwa pamoja kama miyaa ya mkeka. Mtu akiwa ametulia, mkeka hutoka laini. Akisogea, mistari haikutani tena, nawe unaona meno. Televisheni za zamani zilitengenezwa kwa mtindo huo, kwa hiyo hazikuonyesha kasoro. Kompyuta huonyesha.

Katika programu yako tafuta sehemu ya kuondoa mistari iliyofumwa, nayo imo hata katika HandBrake, ambayo ni ya bure. Ila zingatia jambo hili: iondoe kabla ya kuipunguza picha ukubwa. Ukipunguza kwanza, meno yataganda ndani ya picha na hayatatoka tena. Kadhalika, ukichanganya video za HD na zile za kaseti za zamani za DV, kumbuka kwamba HD kwa kawaida huanza na mistari ya juu na DV huanza na ya chini. Ukiikosea programu taarifa hiyo, picha itatetemeka.

Tatu ni nyuso nyembamba. Baadhi ya kamera, hasa za HDV, mfumo ulioanza mwaka wa 2003 na kutumia kaseti ndogo, hurekodi nukta 1440 kwa upana badala ya 1920, zikitarajia mtambo wa kuonyesha utazitanua. Programu isipojua, haitanui, na shangazi yako mnene atakuwa kama mwanamitindo. Ingia kwenye taarifa za faili hiyo, uwiano wa nukta uuweke 1.333. Shangazi atarudi mwili wake.

Nne ni ukimya. Picha ipo, sauti hakuna. Kabla ya kulia, ifungue faili hiyo hiyo kwa VLC. Ikisikika huko, sauti yako ni nzima. Tatizo ni kwamba AVCHD kwa kawaida huhifadhi sauti kwa mtindo wa Dolby uitwao AC-3, ambao baadhi ya programu za kuhariri haziusomi. Igeuze sauti iwe WAV, kisha uirudishe pamoja na picha yake.

Tano ni kupepesa kwa taa, na hili lilitusumbua kuanzia pale mjomba alipohamia barazani. Kamera ile ilikuwa ya Marekani, ambako umeme huenda mapigo 60 kwa sekunde na kamera zao hufuata hesabu hiyo. Umeme wetu ni mapigo 50. Taa ya tyubu inapepesa kwa mwendo wa Kenya, kamera inakonyeza kwa mwendo wa Marekani, na hazipatani. Ikisharekodiwa hivyo unaweza kuipunguza tu, huimalizi. Ukiwa bado hujarekodi, iweke kasi ya shata kuwa moja kwa 50 au moja kwa 100, na picha itatulia. Aidha, unapofungua kazi mpya katika programu, iache ifuate mwendo wa picha zako nyingi, yaani 25 kwa sekunde kwa kamera za huku au karibu 30 kwa zile za Marekani. Ukichanganya bila mpango, mwendo wa watu utakuwa wa kurukaruka.

Sita, na hili ni la wanafunzi wanaorekodi kwa simu: simu nyingi hubadilisha mwendo wa picha zenyewe kadiri mwanga unavyobadilika. Matokeo yake ni midomo na sauti kuachana kadiri video inavyoendelea. Igeuze kwanza iwe na mwendo mmoja usiobadilika, ndipo uhariri. Nawe usimtumie mwenzako video muhimu kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, maana hubanwa tena na kupoteza ubora. Itume kama hati.

Mwisho, usishangae flashi ikikataa kupokea faili kubwa ilhali ina nafasi tele. Flashi iliyopangwa kwa mtindo wa FAT32 haibebi faili inayozidi GB 4. Ipange upya kwa exFAT, lakini hakikisha kwanza haina kitu, kwa sababu kupanga upya hufuta kila kilichomo.

KWA NINI NAJISUMBUA NA HAYA

Rabai si mahali pageni kwa kuhifadhi maneno. Wamishonari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walikuja kukaa hapa mwaka wa 1846, wakaanza kuandika maneno waliyoyasikia kwa wazee wetu. Kamusi yao ya Kinyika, kama walivyoiita lugha yetu wakati huo, ilichapishwa mwaka wa 1887, baada ya wote wawili kufariki. Mtu anaweza kuifungua leo akasoma. Karatasi haikumtaka awe na programu yoyote.

Mwaka wa 2008 misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda, ikiwemo ya Rabai, iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO. Mwaka uliofuata mila zenyewe za kaya ziliwekwa katika orodha nyingine, ile ya mambo yanayohitaji kulindwa kwa haraka. Kwa haraka, kwa sababu wajuzi wake ni wazee, nao wanaondoka. Vijana wetu sasa huja na simu kuwarekodi, jambo jema, mradi waombe ruhusa kwanza, maana yako ya kaya ambayo hayaruhusiwi kutoka nje. Lakini ni mangapi kati ya hayo yaliyorekodiwa yatakayofunguka baada ya miaka ishirini? Maneno ya Krapf yana zaidi ya miaka mia moja na yanasomeka. Ya mjomba yalikuwa na miaka minane tu, na tayari yalikuwa yamepungua neno.

Si kosa la mtambo. Kamera ile ya Marekani ilifanya kazi yake sawasawa na ikaandika daftari lake. Aliyelipuuza daftari ni mwanadamu mwenye haraka.

Kwa hivyo, msomaji wangu, ukimaliza kusoma ukurasa huu itafute kadi yenu. Isogeze kale kaswichi kadogo ka ubavuni ili isiweze kufutwa. Inakili yote, kuanzia folda ya juu kabisa, bila kuchagua. Linganisha ukubwa wa nakala na wa kadi. Tengeneza nakala ya pili uiweke katika nyumba nyingine, kwa sababu moto na mwizi hawabishi hodi. Ukitengeneza video iliyohaririwa kwa ajili ya kutazamwa, ni vyema, lakini isiwe ndiyo pekee uliyo nayo. Na kadi yenyewe usiirudishe kazini. Haili ugali, wala haidai kodi ya nyumba.

Kisha itie katika bahasha, na juu yake uandike kwa kalamu: nani anazungumza, wapi, tarehe gani, na kwa lugha gani. Mwite mtoto mmoja wa nyumba hiyo, umwonyeshe inapokaa.